Uzi: Mlioko Uingereza toeni baiskeli stoo, misitu ya kale ya Chilterns na njia za Ridgeway zinawasubiri

Mzee wa Gia

Wakuu habari za humu ndani. Uzi huu ni wa walioko Uingereza, hasa kusini huku, Reading, Slough, Oxford, Wycombe mpaka London, ila na mlioko nyumbani vuteni viti maana kila nikiweka picha kwenye status naulizwa hapo ni mbuga gani na kiingilio shingapi. Kiingilio hakuna. Hiyo ndo sababu ya huu uzi. Kwa wasiojua, Chilterns ni vilima vya upande wa magharibi ya London, na Ridgeway ni njia ndefu ya kale inayopita huko.

Watu wetu huku maisha ni shifti, supamaketi, ibada, harusi ya mtu Jumamosi, kesho tena shifti. Mtu kakaa Reading miaka na miaka na kile kilima anachokiona treni ikipita Goring hajawahi kukikanyaga, ukimuuliza anakwambia yale mashamba si ya wazungu yale, utafukuzwa na mbwa. Ardhi kweli ni ya watu. Lakini juu ya ardhi hiyohiyo zimepita njia za umma ambazo mwenye shamba hana ubavu wa kuzifunga, zimechorwa kwenye ramani rasmi za kaunti kutokana na sheria ya 1949, na sheria nyingine ya 1968 ikaruhusu baiskeli zipite njia za farasi, sharti lake moja tu, umpishe anayetembea kwa miguu na umpishe mwenye farasi. Hakuna leseni wala kibali wala mtu wa kumpa chai getini.

Sasa kinachowaponza wengi ni kutojua kusoma mshale. Kwenye nguzo na mageti utakuta kimshale kidogo cha rangi. Cha njano ni njia ya miguu, baiskeli hapana, hata kama njia ni pana kama barabara ya vumbi na hakuna mtu. Cha bluu ni njia ya farasi, pita. Cha zambarau pita, hiyo hata mikokoteni inaruhusiwa, na chekundu ni ile ambayo mpaka pikipiki na Land Rover zinapita kwa hiyo wewe na baiskeli yako ni nani. Ukijumlisha njia zote za umma za huku, za kwetu sisi wa baiskeli ni kama asilimia 22 tu, ndo maana ramani ni muhimu. Google Maps itakuingiza chaka, tafuta ya Ordnance Survey, wale wachora ramani wa serikali, ile ya 1:25,000 yenye jalada la rangi ya chungwa, au lipia kwenye simu, njia za miguu zina vijistari vifupi vya kijani na za farasi vijistari virefu.

Njia ninayowashauri mwanzo ni hii. Panda treni mpaka Twyford, badilisha kile kitreni cha Henley. Baiskeli treni hawalipishi, ila zile saa za watu kwenda kazini epuka. Toka Henley kwa lami kupitia Assendon mpaka Stonor, hapo miguu inapata moto, halafu unaingia Hollandridge Lane, na hapa ndipo ninapotaka watu wafike. Ni njia ya zamani imezama chini ya usawa wa msitu kwa kukanyagwa na kwato na kuchimbwa na maji ya mvua, yani unapanda huku kingo za udongo ziko juu yako pande zote mbili na mizizi ya miti imetokeza nje ya kingo, minene, myeusi, imejisokota. Miti mingi huko inaitwa bichi, gome lake laini la kijivu kama ngozi ya tembo aliyeoga, na juu majani yameshikana hivyo chini jua linafika kwa vitone vitone. Chini hakuna lami wala changarawe ya kumwaga, ni majani ya mwaka jana, chini ya majani udongo wa mfinyanzi, na ndani ya udongo mawe ya gumegume yenye ncha. Unapanda polepole gia nyepesi kabisa, makalio kwenye siti, maana ukisimama tu tairi la nyuma linazungukia hewani.

Unatokea Christmas Common, kijiji kidogo tu juu ya kilima. Hapo ghafla msitu unaisha, unaona Oxfordshire yote chini, mashamba ya ngano, uwazi mpaka macho yachoke. Mteremko wa Watlington Hill unashuka kwa lami, breki ziwe nzima, kabla hujaingia mjini Watlington njia ya Ridgeway inakata barabara, pinda kushoto. Kuanzia hapo ni tambarare chini ya kilima, njia nyeupe ya chaki. Ukifika mbele Ridgeway inakata kushoto kupanda Swyncombe na hapo inageuka kuwa ya miguu, usiifuate, wewe nyoosha na Swan's Way, hiyo ni ya farasi mpaka Goring. Goring kuna stesheni, dakika chache uko Reading. Jumla kama kilomita 40. Mtu asiye na mazoezi atafika, atafika kachoka lakini atafika.

Maswali karibuni, picha nitapandisha usiku.

Mpitanjia_Slough

Nimekuwa wa kwanza leo 😂 ngoja nivute kiti

Mama Tausi

Mzee wa Gia asante sana kwa somo. Mimi niko Slough na wanangu wawili, mkubwa ana baiskeli. Swali langu usinicheke. Hao watu wa vijijini wanatuangaliaje sisi? Maana niliwahi kwenda matembezi na wenzangu wa kazini sehemu moja, tulikuwa weusi watatu, tukaangaliwa kama tumeshuka na parachuti.

Mzee wa Gia

Dada Mama Tausi sikucheki, hilo swali kila mtu analo moyoni ila wewe ndo umelitoa. Nikwambie ninavyoona mimi. Kuangaliwa utaangaliwa, hasa ukiingia baa ya kijijini umejaa tope. Lakini njiani huko watu wana kadesturi, mkikutana lazima msalimiane, mtu ambaye mjini angekupita kama nguzo ya umeme huko atakwambia habari za asubuhi na hali ya hewa atakuchambulia. Wewe wahi kusalimia, inamaliza kila kitu. Na akitokea wa kukuuliza unafanya nini hapa, na hutokea siwezi kukudanganya, unamwonyesha mshale wa bluu na unaendelea na safari. Ndo maana nasisitiza mshale, ukiwa kwenye njia ya halali unakuwa na kifua. Ukiwa kwenye njia ya njano huna la kujibu.

Kwa mtoto usianze na Hollandridge, atakuchukia. Mpeleke Swinley Forest pale Bracknell, kuna njia zimetengenezwa maalum kwa baiskeli, ile ya alama ya kijani ni ya watoto na wanaoanza, ya bluu ngoja apate uzoefu kidogo. Huko msitu ni misonobari ya kupandwa, mchanga chini, si wa kale kama wa Chilterns ila mtoto atafurahi.

Buda wa Leicester

Wasee wa TZ mnajua kuandika lakini 😅 sisi Wakenya tungesema tu twendeni. Mimi nilikuwa naendesha Karura Nairobi, unalipa getini, unazunguka, unaenda home. Huku nikashangaa hakuna gate. Sasa bro hiyo gumegume si inakata tyre? Nilienda huko Chilterns na jamaa mmoja mwezi wa kumi na moja na tairi zangu zikaisha siku hiyo hiyo. Pancha baada ya pancha mpaka tukakosa tyubu, tukatembea kwa giza. Saa kumi na moja jioni ni giza totoro mazee.

Fundi Spoku

Hapo ngoja mwenye kazi yake nijibu. Mwezi wa kumi na moja hukuchanwa na gumegume peke yake. Mipaka ya mashamba huku ni ua wa miti ya miiba, na sheria inakataza kuukata kuanzia March mpaka mwisho wa August kwa sababu ndege wanataga humo. Kwa hiyo ikifika September wakulima wote wanatoka na trekta zao za kufyeka, miiba inamwagika njiani, na ile miiba ni midogo, migumu kama msumari wa kiatu, inaingia kwenye tairi huioni. Unabadilisha tyubu, mwiba bado umo ndani ya tairi, unapanda unaenda hatua mia unapata tena, mtu anadhani ana mkosi. Pitisha kidole ndani ya tairi lote taratibu kabla hujaweka tyubu mpya, na tumia kitambaa maana kidole kitachanwa.

Dawa ya kweli ni kuondoa tyubu kabisa. Tyubulesi. Unaweka utepe maalum kwenye rimu, valvu yake, tairi lake, unamimina ile dawa nyeupe inayofanana na maziwa, mwiba ukiingia dawa inaziba yenyewe wewe unaendelea kukanyaga. Na upepo unapunguza, tairi linalala kwenye mizizi badala ya kudunda juu yake, kwenye mizizi yenye maji hiyo ndo tofauti ya kupita na kulala chini. Dawa inakauka lakini, miezi michache ongeza nyingine.

Na wale wa kununua baiskeli mtandaoni kwa mtu, angalia namba ya fremu chini ya pedeli, ingiza kwenye tovuti ya BikeRegister bure uone kama haijaripotiwa kuibiwa. Usinunue baiskeli yenye shokapu nyuma ya bei ya kutupa, zile bushi na beringi za nyuma zikiwa zimekufa utatengeneza kwa bei ya baiskeli nyingine. Ya shokapu mbele tu, fremu ya alumini, breki za diski za mafuta, inatosha kabisa huko anakosema Mzee.

Buda wa Leicester

Fundi shikamoo. Sikujua hiyo ya trekta.

KijanaWaMatuta

Oya wazee mnaongelea kutalii tu. Mimi na wanangu tunapenda kuruka. Kuna msitu karibu na kwetu tumechimba matuta yetu, tumejenga kona, tumefyeka kidogo, yani pametulia kinoma. Hakuna mtu anapita pale. Kama kuna mtu yuko maeneo ya Wycombe anicheki inbox.

Binti wa Msituni

KijanaWaMatuta naomba nikuulize kwa upole, huo msitu April una maua ya bluu chini?

KijanaWaMatuta

Yapo mengi tu, zulia zima, tunapiga nayo picha 😎

Binti wa Msituni

Basi hapo mdogo wangu mmechimba pabaya, na nitaeleza kwa nini, sio kukusema, maana mimi nikiwa sina kazi wikendi najitolea kukata mihazeli, ile miti midogo ya fito, kwenye msitu mmoja wa hifadhi na nimeyakuta matuta kama yenu.

Huku kuna kitu kinaitwa msitu wa kale. England maana yake ni sehemu ambayo imekuwa msitu mfululizo tangu angalau mwaka 1600. Wamechagua 1600 kwa sababu kabla ya hapo ramani za kuaminika ni chache na pia watu walikuwa hawapandi misitu, kwa hiyo msitu uliokuwepo mwaka huo inaelekea ulikuwepo toka zamani sana. Misitu ya namna hiyo imebaki kama asilimia 2.5 tu ya ardhi ya Uingereza nzima. Watu wanadhani ukale ni ukubwa wa miti. Miti inaweza kuwa myembamba kabisa, imekatwa na kuchipua mara nyingi maana walikuwa wanavuna fito na kuni humo karne nyingi, mihazeli tunayoikata sisi inakatwa mpaka shina na inatoa machipukizi mapya, mchezo ni uleule wa mababu zao. Kilicho cha kale ni udongo. Haujalimwa. Ndani yake kuna kuvu zilizoshikana na mizizi, kuna wadudu, kuna vitunguu vya maua, vimejipanga polepole bila kuvurugwa.

Hiyo bluu yenu ni blubeli. Kutoka mbegu mpaka kutoa ua inachukua miaka mitano na zaidi. Jani lake likikanyagwa halisimami tena, halitengenezi chakula, kitunguu chini kinadhoofu. Na kuna ua jingine dogo jeupe linatangulia kabla yake mwezi wa tatu, anemoni, hilo kutambaa kwake haizidi kama mita mbili kwa miaka 100. Piga hesabu hiyo tuta lako la mita sita limekula miaka mingapi. Halafu bichi mizizi yake iko juujuu, ukishindilia udongo kwa tairi kila wikendi mizizi inakosa hewa na maji, mti haufi mwaka huo, unaanza kukauka juu taratibu na wewe umeshahama mtaa.

Pia ni ardhi ya mtu na hamjaomba. Likianguka tawi au mwenzio akivunjika shingo pale, yeye ndo anaanza kuulizwa maswali, matokeo yake anazungushia waya na hata njia halali zilizo jirani zinaanza kupigwa vita.

KijanaWaMatuta

Dah. Dada umeniua kabisa. Ila mbona hata hao farasi wanakanyaga? Farasi kilo mia tano na kwato, sisi tairi tu. Na trekta za kuvuta magogo je?? Nimeziona zimechimba mitaro inafika magotini.

Binti wa Msituni

Hoja nzuri na sitaikwepa. Farasi anaharibu kweli, hasa mvua ikinyesha, na mashine za magogo zinaharibu kuliko sisi sote tukijumlishwa. Tofauti ni kwamba farasi yuko kwenye njia ileile iliyokwishakanyagwa karne nyingi, pale hakuna cha kupoteza tena. Ninyi mmefungua kidonda kipya. Pita kwenye njia ya farasi katikati ya hizo blubeli kadri unavyotaka hata mara kumi kwa siku, hutanisikia. Ila usiizunguke tope kwa pembeni, hapo ndo wote tunakosea, kila mtu anakwepa kidogo mwisho njia ya mita mbili inakuwa mita nane. Tope pita katikati, utaoga ukifika.

Mpitanjia_Slough

Tope pita katikati, utaoga ukifika 😂😂 hii naichapisha kwenye fulana

Mzee wa Gia

Binti wa Msituni nimekuelewa na nakuunga mkono asilimia zote. KijanaWaMatuta huna haja ya kuacha kuruka, nenda Forest of Dean kule Gloucestershire upande wa mpaka wa Wales, pale Cannop pana matuta, miteremko, kila kitu kimejengwa kwa idhini na watu wanakitunza. Msitu mkubwa wa mialoni, na nguruwe pori wamo, ukisikia kitu kinakoroma kichakani jua si mwenzio. Halafu wenyeji wa pale wana haki yao ya ajabu ya kuchimba makaa ya mawe, uwe umezaliwa ndani ya eneo lile na umefanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja, wanawake wameandikishwa kuanzia 2010. Moja ya njia za baiskeli pale imepewa jina la hao wachimbaji.

Hata Chilterns misitu ile si ya mapambo. Wycombe ilikuwa mji wa viti, na miguu ya viti ilikuwa inachongwa humohumo msituni, mafundi wanakaa chini ya bichi na mashine ya kukanyaga kwa mguu, wanachonga, wanapeleka mjini ikaunganishwe. Ukiwa unapanda Hollandridge ukumbuke njia zile zilikuwa za kazi.

Mama Tausi

Mzee wa Gia juu kule kuna ndege wakubwa wekundu wanazunguka, nimewaona hata nikiwa barabara ya M40. Ni tai?

Mzee wa Gia

Mwewe hao dada, mwewe mwekundu, mkia umepasuka katikati. Walikuwa wamekwisha kabisa England, wakaletwa kutoka Hispania kuanzia 1989 wakaachiwa hapohapo Chilterns, sasa wamejaa. Ukila mkate nje angalia juu. Wana tabia za mwewe wote.

Ng'ombe Mmoja

Mimi swali langu la kizembe. Mageti. Na ng'ombe. Nimekulia na ng'ombe lakini hawa wa huku wananifuata. Niko katikati ya shamba la mtu, kundi zima linanikimbilia na baiskeli yangu, kwetu ng'ombe anajua fimbo.

Mzee wa Gia

Hao wanaokufuata ni madume machanga, wanashangaa tu, wamezoea mtu akija kaleta chakula. Shuka baiskeli, iwe upande wao, tembea, usikimbie. Ila ng'ombe mwenye ndama ni habari nyingine, zungukia mbali hata kama njia rasmi inapita katikati yao, kila mwaka huku kuna watu wanaumizwa na ng'ombe na wengine wanakufa, sio utani. Mageti kanuni ni moja, liache ulivyolikuta. Ulilikuta wazi liache wazi, pengine mkulima kaliacha kwa makusudi mifugo ifike majini. Mengi ya njia za farasi yana mpini mrefu wa chuma ili mtu afungue bila kushuka mgongoni, na ukiwa juu ya baiskeli unaushika vizuri tu, ukipata ujuzi hushuki.

Farasi sasa. Ukimkuta kwa nyuma usipige kengele ukiwa karibu na usipite kimyakimya, ongea, sema habari kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali, farasi akisikia sauti ya binadamu anajua wewe si mnyama anayemuwinda. Subiri mwenye farasi akwambie pita. Pita mbali na taratibu.

Fundi Spoku

Na kupe usisahau kupe.

Mzee wa Gia

Kweli. Kuanzia joto likianza kwenye majani marefu na misitu yenye wanyama aina ya paa wapo wengi, wadogo kuliko ufuta. Ukirudi jikague, nyuma ya magoti, kwenye mapaja, kiunoni. Mvute na kibano kidogo karibu kabisa na ngozi, wima, usimpake mafuta wala kumchoma moto. Wengine wana ugonjwa wa Lyme, ukiona wekundu unaotanuka kama pete kwenye ngozi siku au wiki baadaye nenda kwa daktari useme umeumwa na kupe, dawa ipo na inatibu mapema.

Mzee Mwinyi Oxford

Vijana hongereni, mimi miaka imekwenda, nina baiskeli ya umeme. Je huko njia za farasi naruhusiwa au ndiyo nimekuwa pikipiki? Na hiyo Ridgeway upande wa magharibi mbona hamuisemi, pale ndipo penyewe.

Mzee wa Gia

Shikamoo mzee. Ya umeme ukiwa unakanyaga pedeli, mota isiyozidi wati 250 na msaada wake unakata ukifika kama kilomita 25 kwa saa, hiyo kisheria ni baiskeli tu, njia zote za baiskeli ruksa. Zile zilizochezewa zinazokimbia bila kukanyaga ni pikipiki.

Na magharibi nilikuwa nawawekea akiba lakini mzee umeniwahi. Upande wa mashariki wa Ridgeway umekatwakatwa, kipande cha farasi, kipande cha miguu, kama pale Grim's Ditch kati ya Mongewell na Nuffield ambapo msitu ni mzuri ajabu lakini mshale ni wa njano, ule ukuta wa udongo wa kale unaweza kuuona kwa miguu tu. Magharibi kuanzia Streatley mpaka Overton Hill karibu na Avebury baiskeli inapita mwanzo mwisho, kama kilomita 70. Ukishapanda kutoka mtoni Streatley unakaa juu ya mgongo wa kilima karibu siku nzima. Miti ni ya kuhesabu. Vijiji karibu vyote viko chini bondeni kwenye maji. Ni njia pana ya majani na chaki, upepo, sauti za ndege huwaoni walipo, na pembeni viwanja virefu vya majani vya kufanyia mazoezi farasi wa mbio wa Lambourn, huko usikanyage hata tairi.

Kilomita 30 na kitu kutoka Streatley unafika kwa yule farasi mweupe wa Uffington, kachorwa kwenye kilima kwa kuchimba mtaro na kushindilia chaki ndani yake, urefu kama mita 110, ana umri wa miaka kama 3,000. Cha kushangaza ukiwa juu pale humuoni vizuri, unaona mstari mweupe tu majanini, inabidi uwe mbali bondeni. Bado yupo kwa sababu watu hawajaacha kumsafisha, mpaka leo wanajitolea wanapiga magoti na nyundo wanatwanga chaki mpya, wangeacha miaka michache tu nyasi zingemfunika. Mbele kidogo, ndani ya duara la miti, kuna kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000, Wayland's Smithy, wenyeji walikuwa wanasema ukimfunga farasi wako pale na kuacha sarafu, ukirudi asubuhi umekuta kapigwa viatu vipya vya chuma kwatoni na mhunzi asiyeonekana. Cheni ya jamaa mmoja ilikatika karibu na pale tukamshauri aache pauni jiweni, akagoma, akasukuma.

Maji ni shida. Chaki inanyonya, hakuna kijito juu kule. Kuna bomba karibu na Hill Barn, jaza kila chupa uliyonayo.

Mzee Mwinyi Oxford

Marahaba. Ongeza kwamba chaki ikilowa ni sabuni. Kavu unaruka nayo, ikinyeshewa asubuhi usiguse breki ya mbele kwenye mteremko.

Fundi Spoku

Na inaganda kwenye fremu kama plasta. Osha siku hiyohiyo, ukilala nayo kesho utaitoa kwa bisibisi.

KijanaWaMatuta

Tumejadiliana na wanangu. Yale matuta tunayasawazisha Jumapili, Binti wa Msituni tuambie, tukirudishia udongo tupande kitu au tuache?

Binti wa Msituni

Acheni. Msipande chochote, hasa msinunue mbegu za blubeli dukani maana nyingi ni za Hispania na zinachanganyika na za hapa. Rudisheni udongo uleule bila kuushindilia, matawi makavu juu yake ili watu wasipite. Na kabla hamjagusa mtafuteni mwenye msitu mmwambie, hata kwa barua. Akikasirika vumilieni.

Buda wa Leicester

Sasa Mzee wa Gia Saturday kuna mtu anaenda hiyo Hollandridge? Niko na tyubulesi sasa, fundi amenishawishi.

Mzee wa Gia

Mimi niko na Mpitanjia, treni ya asubuhi tukutane stesheni ya Henley saa tatu na nusu. Utabiri unasema mvua Ijumaa usiku, kwa hiyo Hollandridge itakuwa na tope la mfinyanzi linalojaza nafasi kati ya tairi na fremu, njoo na tairi nyembamba kidogo kama unayo, na kijiti cha kukwangulia.

Mpitanjia_Slough

Sijakubali hiyo saa mimi. Saa nne.

Mzee wa Gia

Saa tatu na nusu.